Sabuni na dawa hazijasimamisha mageuzi

Wapo wanaodai kwamba sabuni, chanjo na hospitali zinawabakiza hai "wanyonge", hivyo binadamu ameacha kubadilika. Si kweli. Mageuzi, yaani mabadiliko ya kurithi ya viumbe kizazi hadi kizazi, hayana shabaha. Hufuata mazingira, na dawa ni sehemu ya mazingira hayo.

Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi jeni (chembe ya urithi) ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, anaugua. Sasa hapo mnyonge ni nani? Kando ya Ziwa Victoria, penye mbu tele, jeni hiyo imewaokoa wengi. Malaria ikitokomezwa faida hiyo hupotea, na jeni yenyewe huweza kupungua kizazi baada ya kizazi. Hayo nayo ni mageuzi, tena yanayoletwa na chandarua.