Jeni kudhihirika: maana yake ndani ya uboho wa mfupa

Pita bucha za Mabatini hapa Mwanza asubuhi, utamkuta muuza nyama anapasua mfupa wa paja la ng'ombe kwa shoka. Ndani yake mna kitu laini, cha manjano kidogo: uboho, ule ambao watoto huugombania supu ikiiva. Huo wa manjano ni mafuta zaidi. Uboho unaotengeneza damu ni mwekundu, na kwa mtu mzima unakaa hasa kwenye nyonga, mbavu, kidari na uti wa mgongo. Humo ndimo zinamoishi seli shina, mama wa damu yote.

Wataalamu husema seli hizo "zinadhihirisha" jeni fulani. Maana yake nini?

Fikiria kwaya. Kila mwimbaji ameshika kitabu kilekile, lakini kuwa na wimbo kitabuni si kuuimba. Karibu kila seli yako imebeba kitabu kimoja cha jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini. Ini linafungua kurasa zake, jicho zake. Jeni hudhihirika pale seli inapoisoma, ikanakili maandishi yake kwenye RNA, yaani molekuli inayobeba nakala ya jeni, kisha nakala hiyo ikatumika kuunda protini. Jeni ni wimbo ulioandikwa, protini ni sauti inayosikika.

Ndiyo maana seli shina ya damu hutambuliwa kwa protini zake. Kwa umbo pekee, chini ya hadubini, inafanana mno na limfosaiti ndogo, aina ya chembe nyeupe ya damu. Ila juu ya utando wake imebeba protini iitwayo CD34, na maabara hutumia kingamwili zilizotiwa rangi ing'aayo, zinazoing'ang'ania CD34, kuzihesabu seli hizo. Jirani zake humo humo ubohoni, seli shina za mesenkaima, ambazo huzaa mfupa, gegedu na mafuta, kwa kawaida hazina CD34. Zenyewe hujulikana kwa CD73, CD90 na CD105.

Protini inayonivutia kuliko zote ni CXCR4. Hiyo ni kamba ya mtumbwi. Seli za ubohoni hutoa kemikali iitwayo CXCL12, CXCR4 ikaishika, na seli shina ikabaki imefungwa pale pale, kama mtumbwi mwaloni. Ipo dawa, plerixafor, inayoilegeza kamba hiyo. Seli shina humwagika kwenye damu, zikakusanywa mkononi kwa ajili ya kupandikiza bila kuchoma nyonga sindano.

Seli inapokua, nyimbo hubadilika. Jeni ya GATA1 ikishika usukani, seli huelekea kuwa chembe nyekundu na jeni za himoglobini, protini inayobeba oksijeni, husomwa kwa nguvu. Na hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Kanda ya Ziwa, mahali ambapo selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imeenea sana. Mtoto mwenye selimundu amerithi jeni ya himoglobini yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili; inaniuma kila nikisikia mama peke yake akilaumiwa ukweni. Na angalia: mtoto huyo huzaliwa mzima, miezi ya mwanzo hana shida, kisha anapokaribia nusu mwaka vidole na nyayo huvimba, analia usiku kucha. Kilichobadilika si jeni zake. Tumboni alikuwa akitumia himoglobini ya kichanga, ambayo haina kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huufunga ukurasa ule, na himoglobini ya ukubwani, ile yenye kasoro, ikachukua nafasi.

Vidonge vya hydroxyurea, ambavyo wagonjwa wengi wanavifahamu, hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuufungua tena kidogo ukurasa huo. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayokwenda mbali zaidi: seli za CD34 za mgonjwa hutolewa, swichi inayoiwasha BCL11A katika chembe nyekundu hukatwa, kisha seli hurudishwa mwilini. Zikishatulia ubohoni, zinaanza kuimba upya wimbo wa kichanga.