Oksijeni Inavyoishia Njiani Ndani ya Kidonda

Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470, lakini dagaa na migebuka tunaowanunua hapa Kigoma huishi katika tabaka la juu tu, kwa kuwa chini ya mita 100 hadi 200 hivi oksijeni huwa imekwisha, baada ya kutumiwa na viumbe na mabaki yanayooza haraka kuliko inavyoweza kushuka. Kazi yangu ni kuunda modeli za kihisabati za vidonda, na ninapoulizwa kwa nini kidonda kilichoachwa wazi hewani kinaweza kukosa oksijeni, huanza na ziwa hili.

Tofauti moja isisahauliwe: ziwani upepo huchanganya maji, ilhali ndani ya utando wa bakteria unaofunika kidonda, yaani bayofilimu, hakuna mkondo wowote. Oksijeni hupenya kwa mtawanyiko peke yake, yaani kusambaa kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo kidogo, kwa kanuni aliyoieleza Adolf Fick mwaka 1855, huku kila tabaka la bakteria likichukua sehemu yake kabla ya kuipitisha kwa lililo chini. Tukichukulia kwamba bakteria hula oksijeni kwa kasi isiyobadilika, kina ambacho oksijeni hufika ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya kizidishi cha mtawanyiko (kipimo cha wepesi wa oksijeni kusambaa), zidisha kwa ukolezi wa juu, gawanya kwa kasi ya ulaji.

Hicho kipeuo cha pili ndicho kiini cha jambo. Nikiweka ukolezi wa moli 0.2 kwa mita ya ujazo, ambao ni wa maji yenye joto la mwili yaliyogusana na hewa, pamoja na ulaji wa moli 0.1 kwa mita ya ujazo kila sekunde na mtawanyiko uliopunguzwa na ute wa utando, napata mikromita (elfu moja hufanya milimita moja) 77 hivi, pungufu ya unene wa karatasi ya daftari. Kutoka chini, kwenye damu, ukolezi ni kama robo ya huo, kwa hiyo kina kinachofikiwa ni nusu, mikromita 38. Utando wenye unene wa mikromita 300 unabaki na mikromita 185 katikati zisizo na oksijeni kabisa.

Sasa mpe mgonjwa oksijeni tupu juu ya kidonda. Ukolezi unaongezeka karibu mara tano, lakini kina kinaongezeka mara mbili na kidogo tu, hadi karibu mikromita 170, na bado mikromita 90 hivi hazifikiwi. Muuguzi akiusugua utando huo ukabaki mikromita 100, oksijeni ya kawaida inaupitia wote. Ndiyo maana naheshimu sana mikono ya wanaosafisha vidonda, na inaniuma ninaposikia kazi hiyo ikihesabiwa kuwa ni ya kubadilisha bandeji tu.

Ukosefu huo una gharama mbili. Seli nyeupe za damu zinahitaji oksijeni nyingi ili kutengeneza kemikali za kuulia vijidudu, na zenyewe zikiitumia hupunguza hata kile kidogo kilichopo. Vilevile dawa za kuua bakteria kama jentamisini huingia ndani ya bakteria kwa msaada wa upumuaji wa oksijeni, hivyo bakteria wa katikati huathirika kidogo.

Modeli hii rahisi ina kasoro. Oksijeni ikipungua, ulaji nao hupungua, kwa hiyo badala ya mpaka mkali kunakuwa na mteremko, na hapo natumia mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913, ambao huifanya kasi ya ulaji ifuate ukolezi. Pia Pseudomonas aeruginosa, bakteria wa kawaida katika vidonda sugu, anaweza kupumua kwa naitreti mahali pasipo na oksijeni, kwa hiyo tabaka la katikati si lazima liwe limekufa. Ninachoongeza sasa ni ukuaji wa utando baada ya kusuguliwa, ili modeli ionyeshe siku ambayo unene utapita tena mikromita 115 (77 za juu na 38 za chini), kabla ya muuguzi kufungua kidonda kwa mara nyingine.