Eti kompyuta haibagui

Juzi tena, kwenye semina hapa Mombasa, mkufunzi mwenzangu kanishika mkono na kuniambia: simulesheni, yaani zoezi la kufundisha watoto wa kuigizwa kwenye skrini, ni ya haki, kwa sababu kila mwalimu tarajali anakutana na mtoto yuleyule wa skrini, na kompyuta haibagui. Jamani, nimechoka.

Kwanza, si kila mara ni kompyuta inayosema. Katika TeachLivE, mfumo mmoja wa simulesheni hizo ulioanzia Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, watoto wa skrini husemewa na mtu aliye nyuma ya pazia. Mtu ana masikio, na masikio yana lahaja yanayoipenda.

Bando na stima siyagusi, kila mtu anayalilia. Linaloniudhi ni mtoto mwenyewe wa skrini. Anakosea makosa yaleyale: 1/2 + 1/3 = 2/5. Sawa, hata wetu hukosea hivyo. Lakini mwoneshe mtoto wa Likoni, hapa Mombasa, saa ya ukutani, mshale mfupi kwenye 8, mrefu kwenye 12. Atasema saa mbili, na ni kweli. Muulize kwa Kiingereza, ataitafsiri mbili hiyohiyo, naye atatiwa kosa! Kumbe anahesabu tangu alfajiri, na kuhamia saa ya Kiingereza kwahitaji kujumlisha 6, na jumla ikipita 12 kutoa 12: saa kumi ya alasiri, 10 + 6 = 16, 16 − 12 = 4. Hiyo ni hisabati ya mzunguko, wengine huifikia chuoni. Mtoto wa skrini hajawahi kusema hivyo, kwa hiyo mwanafunzi wangu kutoka Kilifi, ambaye angelinasa jibu hilo mara moja, hapati pa kuonesha uwezo wake.

Anachopimwa binti huyo ni wepesi wa ulimi. Kwenye zoezi moja nililosimamia alinyamaza kama sekunde nne akimngojea mtoto afikiri. Programu ikaandika: anasitasita. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu huuliza wakangoja kama sekunde moja tu, na wanafunzi wanaodhaniwa dhaifu hungojewa muda mfupi hata kuliko wenzao. Yaani binti kafanya jambo gumu kuliko yote, akakatwa alama.

Siku hizi naandika watoto wangu wa kubuni kwenye kadi, na walimu tarajali wenyewe wanawaigiza. Wa saa mbili nilimweka. Mwanafunzi mmoja akaisoma kadi akasema, "Mwalimu, mbona huyu hajakosea?" Nikafurahi, mpaka niliporudia kadi zote tano. Anayechanganya saa nimempa jina la Kimijikenda, la wenyeji wa pwani hii. Mwenye majibu ya haraka nimempa jina la mtoto wa Nyali, mtaa wa wenye nacho. Hakuna aliyenituma.

Na jingine silipendi kulisema: anayemngojea mtoto wa kadi huenda asimngojee wa kweli, akiwa amezungukwa na sitini wengine na kengele inakaribia.

Wiki ijayo nitabadilishanisha majina ya kadi mbili hizo, nione watamngojea nani.