Kisu karibu na neva ya uso: maswali tunayoulizwa Bukavu

Nina uvimbe mbele ya sikio, wanataka kuutoa. Mdomo wangu utapinda?

Si lazima. Neva ya uso, inayosogeza misuli ya uso, hutoka kwenye fuvu nyuma ya sikio, huingia katika tezi ya mate iliyo mbele yake, na humo hugawanyika matawi matano: la paji, la mfupa wa shavu, la shavu, la taya na la shingo. Ndiyo maana uvimbe huo haukamuliwi kama jipu. Daktari hutafuta kwanza shina la neva, takriban sentimita 1 ndani na chini ya ncha ya kigegedu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, kisha hufuata matawi. Hata neva ikibaki nzima, uso unaweza kulegea kwa wiki au miezi kwa sababu ilivutwa.

Tawi lipi linaogopesha zaidi?

Mawili: la paji na la taya. Ya shavu yameungana, moja likiumia jirani husaidia. Haya mawili hayana msaada wa kutosha. La paji hufuata mstari kutoka nusu sentimita chini ya kigegedu hicho hadi sentimita 1.5 juu ya ncha ya nje ya nyusi.

La taya ndilo huumizwa ovyo, hasa jipu la jino bovu linapopasuliwa. Kwa daktari: kata vidole viwili chini ya ukingo wa taya, kamwe si juu ya ukingo wenyewe. Ukishapita ngozi na msuli mwembamba wa shingo, acha kisu: panua kwa koleo butu, sambamba na taya. Tawi hupita juu ya veni ya uso (mshipa wa damu), upande wa ngozi. Ifunge veni chini, uiinue pamoja na nyama, tawi litainuka nayo. Kwa wazee tawi hili hushuka zaidi.

Na aliyekatwa usoni katika ajali ya pikipiki?

Mpime kabla ya ganzi, maana ganzi nayo hulegeza uso: ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, aoneshe meno. Andika ulichoona. Jeraha likiwa kati ya kona ya nje ya jicho na sikio, na msuli hausogei, asikae kijijini, mfano Walungu, akisubiri kidonda kikauke. Kipande cha neva iliyokatika kilicho upande wa misuli huitikia kichocheo cha umeme kwa takriban saa 72 tu. Baadaye kukipata ni taabu. Na kichocheo hakisemi kitu mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli, jambo ambalo mtoa usingizi aambiwe mapema.

Jicho lisipofumba?

Matone ya kulainisha mchana, marhamu na plasta usiku, tangu siku ya kwanza. Kioo cha jicho kikikauka huweza kupata kidonda.