Hesabu ya Zakayo: toba inavyorudisha cha watu

Wengi hudhani imani humfanya mtu atende haki kwa kumtia hofu ya adhabu. Hofu huzuia mkono kwa muda, lakini kosa likishatendeka, hofu hiyohiyo humfundisha mkosaji kuficha. Nguvu ya imani ya Kikristo mimi naiona wazi zaidi baada ya kosa, pale inapompa mtu ujasiri wa kurudisha alichochukua.

Soma Luka 19 kwa utaratibu. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, yuko juu ya mkuyu pale Yeriko. Yesu anamwita kwa jina na kumwambia kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Hakumwekea sharti lolote. Ahadi ya kurudisha inakuja akiwa ameshapokelewa. Anayerudisha ili akubaliwe hutafuta kiwango cha chini kabisa kitakachomtoa kwenye lawama, lakini aliyekwisha kukubaliwa anaweza kuitazama hesabu yote bila kuikwepa.

Na hesabu ya Zakayo ilikuwa nzito. Walawi 6 ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano: aliyechukua 500 alitoa 600. Kutoka 22 ilimbana zaidi mwizi wa mifugo. Kondoo mmoja aliyechinjwa au kuuzwa alilipwa kwa kondoo wanne, ng'ombe kwa ng'ombe watano, na mnyama akikutwa hai, mara mbili. Zakayo alijipimia kipimo cha mwizi wa kondoo, mara nne: kwa kila 500, 2,000. Tena hiyo ni mbali na nusu ya mali aliyowapa maskini. Simsukumi kila mtu aanzie kwenye mara nne. Aanze na kiasi kamili pamoja na ile sehemu ya tano, kwa sababu mwenye mali alikosa pia matumizi ya mali yake muda wote ilipokuwa mikononi mwa mwingine.

Chukua karatasi uandike: nani, nini, kiasi gani, lini. Usiandike "nimekuwa mdanganyifu". Andika "saa mbili za kazi nilizolipwa bila kuzifanya". Toba ya jumla jumla haina mtu wa kumlipa. Kiasi usichokikumbuka kikadirie, na ukisitasita, elemea upande wa mwenye mali.

Kisha mlipe mwenye mali kwanza. Kosa ninaloliona likirudiwa kuliko yote ni kutoa sadaka nono kutoka kwenye fedha ya dhuluma na kujihesabu umemaliza. Kanisa halikudai fedha hiyo, anaidai uliyemdhulumu. Mathayo 5:23-24 inasema sadaka iachwe palepale mbele ya madhabahu mpaka upatane na ndugu yako. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, katika barua yake ya 153 kwa Macedonius, ofisa wa serikali ya Kirumi, alikuwa mkali: mwenye uwezo wa kurudisha asiporudisha, hatubu, anaigiza toba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 1459 na 2412, inafundisha kwamba maondoleo ya dhambi hayafuti wajibu wa kurudisha. Mwenye mali akiwa amefariki, walipe warithi. Wasipopatikana kabisa, wape maskini. Na pale ambapo kujitokeza uso kwa uso kungeleta madhara makubwa, padri muungamishi anaweza, ukimwomba, kufikisha fedha bila kukutaja, kwa kuwa siri ya maungamo imemfunga.

Jina la mtu ni gumu kulirudisha kuliko fedha. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba masikio yaliyosikia uongo ndiyo yasikie ukweli. Ulimzulia mbele ya watu sita? Wafuate wote sita. Kumwomba radhi faraghani huku wale sita wakiendelea kuamini uzushi wako ni kumwachia hasara ileile. Lakini ikiwa ulichosema kilikuwa kweli, ila hakikuwa chako kukitangaza, usikikanushe, maana utaongeza uongo juu ya masengenyo. Kiri kwamba hukupaswa kukisema, na useme mema yake unayoyajua.

Maneno ya kuomba radhi nayo huharibika kwa neno moja dogo. "Samahani kama nilikukosea" inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kosa. Taja tendo, taja kiasi, mkabidhi, kisha nyamaza. Usimdai msamaha hapohapo. Msamaha ni wake kuutoa akiwa tayari, na deni linabaki lako hata akikataa kukusamehe. Kama ukiri wako utamfichua mtu wa tatu, ongea kwanza na mchungaji au padri wako.

Asiye na uwezo wa kulipa kwa mkupuo mmoja apange awamu kwa tarehe, ya kwanza itoke wiki hiyohiyo hata ikiwa ndogo. Anayengoja apate zote, moyo humpoa. Waefeso 4:28 inamwelekeza mwizi kwenye kazi ya mikono yake. Pia ndugu wa imani anaweza kuubeba mzigo huo pamoja naye. Paulo alimwandikia Filemoni kwa mkono wake mwenyewe kwamba, ikiwa Onesimo, mtumwa wa Filemoni, anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalipa.