Mita 60 za ziwa: maana yake, na zinapimwa kuanzia wapi

Ukinunua kiwanja karibu na maji hapa Mwanza, iwe Luchelele, Igombe au pembeni mwa Mto Mirongo mjini kati, ipo siku jirani atakuambia, "Ndugu yangu, hapo umeingia mita sitini." Maneno hayo yanatisha kwa sababu mara nyingi yanafuatwa na alama ya X nyekundu ukutani. Wengi wanayajua kwa njia hiyo tu, kama jina lingine la kubomolewa. Ni haki ya kila mtu kuelewa yana maana gani kabla hajamwaga msingi.

Chimbuko lake ni sheria mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto na bwawa. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikwisha kulitaja eneo hilo katika kifungu cha 7, kwenye orodha ya ardhi hatarishi, pamoja na maeneo oevu na miteremko mikali. Ardhi hatarishi ni ardhi ambayo ukiiendeleza unahatarisha maisha ya watu au unaharibu ardhi hiyo na iliyo jirani. Zikisomwa pamoja, sheria hizi zinaonyesha kwamba ukanda huu unayalinda maji dhidi yetu, na unatulinda sisi dhidi ya maji. Nusu hii ya pili ndiyo isiyosemwa kwenye mikutano ya mtaa, na inaniuma, maana mtu anayedhani anafukuzwa kwa ajili ya samaki hawezi kuona kwamba wanaotajwa humo ni pamoja na watoto wake.

Neno la kushikilia katika kifungu cha 57 ni "kudumu". Mama anayeanika dagaa mwaloni, au mvuvi anayevuta mtumbwi nchi kavu jioni, hayuko sawa na aliyejenga nyumba ya tofali na kuchimba choo cha shimo hatua 20 kutoka majini. Dagaa wakifikiwa na maji utawaanua. Choo kikifikiwa na maji, kilichomo kinaingia katika maji ambayo watu wanachota, na kipindupindu hakichagui aliyejenga na ambaye hakujenga.

Ukanda wenyewe una kazi. Mafunjo na matete yanayapunguza kasi maji yanayoshuka kutoka vilimani, tope linatua, na maji yanaingia ziwani yakiwa yamechujwa. Mafuriko yakija, eneo hilo ndilo linalolowa kwanza. Ukiyang'oa mafunjo na kujaza kifusi, maji hayajapungua hata ndoo moja. Umeyahamishia kwa jirani.

Sasa, mita 60 kutoka wapi? Kifungu kinataja ufuko, lakini ufuko wa Ziwa Victoria unahama. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na njia yake ya kutokea ni moja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda. Sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua zikizidi kwa misimu miwili mitatu mfululizo, ziwa linapanda, na halishuki haraka. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, zilianzisha mpando uliofika takriban mita 2.5 kufikia 1964. Kwa zaidi ya miaka 50 kiwango kile cha 1964 hakikufikiwa. Mei 2020 kikafikiwa na kupitwa kidogo, na Mei 2024 ziwa likapanda zaidi ya hapo.

Chukua ufuko tambarare, ule unaopendwa na wanunuzi kwa sababu hauna mawe, unaopanda mita 1 kwa kila mita 30 unazotembea. Ziwa likipanda mita 2, maji yanasogea nchi kavu mita 60. Yaani aliyepima kwa uaminifu mwaka ambao ziwa lilikuwa chini, akaacha mita 60 kamili na kujenga kuanzia hapo, atayakuta maji mlangoni. Hakuvunja sheria. Alipima kutoka kwenye ufuko wa mwaka mmoja. Ndiyo maana kwangu mita 60 ni kiwango cha chini, na kipimo cha haki kingeanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, na bikoni, yaani nguzo za mpaka, zikawekwa hapo, ili mnunuzi azione kwa macho kabla hajatoa pesa.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba mafuriko mengi ya Mwanza hayatoki ziwani. Yanashuka kutoka juu. Vilima vyetu ni miamba, na mvua ikipiga mwamba haizami; inateremka yote kwa mara moja kupitia makorongo na kuingia Mirongo, hadi ziwani. Mtu wa Mabatini, kando ya Mirongo, anaweza kuwa mbali kabisa na ziwa na bado akalala juu ya meza usiku wa mvua. Kwake yeye mita 60 zinazohusika ni za ukingo wa mto. Na korongo linalokauka kiangazi, ambalo dalali analiita "kibonde tu", ni njia ya maji hata kama halina jina kwenye ramani. Maji hayasahau njia yake.

Hapo ndipo mitaro inapoingia. Mitaro ya barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ya barabara kuu na za mkoa iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na mtaro unaopita katikati ya nyumba bila barabara mara nyingi unabaki mikononi mwa wakazi na halmashauri. Mtaro uliosafishwa huku juu na kuziba kwa chupa na mchanga kwenye kalvati la chini haujasaidia kitu. Umeyaleta maji kwa kasi hadi pale yanapokwama. Mafuriko yakishatokea, inafuatwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati kuanzia kijiji na mtaa hadi taifa. Misaada ya chakula, magodoro na mahema hupita huko. Ila msaada wa maafa si fidia. Fidia inahusu haki ya ardhi, na Sheria ya Ardhi inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka kwa mwenye haki inayotambulika. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili, kwenye eneo la ukingo, ni silaha dhaifu sana siku hiyo.

Basi kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone mchoro wa mipango miji wa eneo lile, kisha uliza Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Mwanza. Halafu tafuta mzee aliyekaa pale miaka mingi, umsalimie shikamoo, umwombe akuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi 2020. Wengine watakuonyesha alama kwenye ukuta au kwenye shina la mwembe. Simama hapo ndipo uanze kuhesabu mita zako.