Je, wajua? Mifumo ya serikali ikisomana, daftari halihami

Ukisajili laini ya simu kwenye mwavuli wa wakala pale Mwanjelwa, Mbeya, unataja namba yako ya NIDA, yaani mamlaka ya vitambulisho vya taifa, unaweka kidole kwenye kimashine, na baada ya muda mfupi wakala anasema tayari. Utaratibu huu ulianza Mei 2019, na umeacha imani mbili mitaani. Ya kwanza ni kwamba kampuni za simu sasa zina daftari zima la NIDA. Ya pili ni kwamba kuna kompyuta moja kubwa, pengine Dodoma, ambamo serikali imemwaga kila kitu: vidole vyako, cheti chako cha kuzaliwa, matokeo yako ya kidato cha nne na kodi unayodaiwa. Kiongozi akisimama jukwaani na kuagiza kwamba mifumo isomane, yaani kompyuta za ofisi tofauti ziulizane na kujibiana, wasikilizaji wengi wanaiona kompyuta hiyo hiyo.

Hali halisi iko karibu na kinyume chake. Kilichotoka Mwanjelwa kilikuwa swali: namba hii na kidole hiki ni vya mtu mmoja? Kilichorudi ni jibu linalomhusu mtu mmoja, basi. India wana mfumo wa utambulisho uitwao Aadhaar, na katika aina mojawapo ya maswali unayopokea, jibu huwa ni "ndiyo" au "hapana" tu. Aliyeuliza haambiwi hata jina. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu aliyeko Tukuyu naye, cheti chake cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, lakini Bodi ya Mikopo haipewi daftari la RITA. Inapata uthibitisho wa cheti kimoja.

Kwa nini wasikusanye vyote wakamaliza? Sababu ya wizi inaeleweka haraka, maana mwizi angehitaji kuvunja mlango mmoja tu. Sababu ambayo watu huisahau ni kwamba nakala huchacha. Mtu akihama Iringa kwenda Vwawa, akaolewa au akafariki, daftari moja litajua na nakala zake tano hazitajua, na baada ya mwaka hakuna ofisi inayoweza kusema kwa uhakika ipi ni ya kweli. Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya iliyoanza kuunganisha mifumo yake mwaka 2001 kwa chombo kinachoitwa X-Road, iliiweka hoja hii kwenye sheria: hairuhusiwi kuanzisha hifadhidata tofauti za kukusanya taarifa zile zile.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu. Kama daftari linabaki kwa mwenyewe, anayepokea jibu ataliamini kwa nini?

Chukua barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Unataka kumwekea dhamana ndugu yako, unaambiwa ulete barua. Hakuna anayedai daftari la wakazi wa mtaa wako, tuseme Soweto ya hapa Mbeya, libebwe mpaka kituoni. Kinachoulizwa ni kimoja, kama unaishi pale na unafahamika. Mwenyekiti anafungua daftari lake, anaandika mistari mitatu, anasaini, anagonga muhuri, na daftari linarudi kabatini. Polisi anayeipokea pengine hajawahi kumwona mwenyekiti huyo. Anauamini muhuri, na anajua ni ofisi gani ina haki ya kuutumia.

Barua hiyo ina udhaifu wa aina tatu, na kila aliyewahi kufika ofisi ya mtaa anaujua. Muhuri unachongeka. Maneno yanaweza kuongezwa baada ya muhuri kugongwa. Na mwaka ukipita, hakuna anayekumbuka nani aliomba barua gani na kwa shughuli ipi.

Mifumo inayosomana inatibu udhaifu huo mmoja mmoja. Kila taasisi ina ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya kompyuta, ambao hautoki kwenye mashine zake, na ufunguo wa wazi ambao wote wanao. Kabla jibu halijaondoka, kompyuta inalikokotoa kuwa muhtasari mfupi. Kwa kanuni moja inayotumika sana, SHA-256, muhtasari huo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, liwe jibu la mstari mmoja au la kurasa elfu. Muhtasari ndio unaotiwa saini kwa ufunguo wa siri. Ni kama mwenyekiti angekuwa na muhuri unaobadili sura kwa kila barua kulingana na maneno yaliyomo: ukiongeza nukta moja baadaye, muhuri na barua havilingani tena, na mpokeaji mwenye ufunguo wa wazi anaona papo hapo. Kuuchonga haiwezekani bila ufunguo wa siri. Juu yake unawekwa muda, na kila swali na jibu huandikwa kwenye kumbukumbu. Raia wa Estonia anaweza kuingia mtandaoni na kuona ofisi zilizotazama taarifa zake, jambo ambalo hakuna mwenyekiti wa mtaa aliyewahi kuombwa kulifanya.

Jambo la ajabu ni jinsi makao makuu ya X-Road yasivyojua kitu. Yanatunza orodha ya wanachama na kuthibitisha funguo za nani ni halali; majibu yenyewe yanakwenda moja kwa moja kutoka taasisi hadi taasisi. Tanzania imechagua njia tofauti kidogo. Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga GovESB, chombo kinachokaa katikati kama tarishi na kupitisha barua baina ya taasisi. Tarishi naye hatunzi madaftari, ila ni kweli kwamba akiugua, barua nyingi zinakwama.

Wanaokosea hapa si wananchi peke yao. Ujerumani na Ufaransa zilipoanzisha mradi wa Gaia-X kati ya 2019 na 2020, magazeti mengi yaliuita "wingu" la Ulaya, yaani kompyuta za kukodisha kupitia mtandao, la kushindana na kampuni ya Amazon. Zilikuwa hasa kanuni: nani aaminiwe, aonyeshe uthibitisho gani, na mifumo ya kampuni tofauti izungumze vipi. Waliotarajia kuona jengo wakaonyeshwa katiba.

Mbeya nayo ina historia katika habari hizi, ingawa haitajwi sana. Mwaka 2013 RITA, kwa msaada wa UNICEF, iliupeleka mkoani hapa mpango wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano, kabla haujafika Iringa na Njombe. Cheti kilitolewa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na taarifa zikatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikuwa umekuta kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya sita wa umri huo ndiye aliyeandikishwa. Idadi iliongezeka sana, lakini kusema ni kazi ya simu peke yake ni kujipendelea sisi wapenda teknolojia: ada ilifutwa na ofisi ikasogezwa karibu kwa wakati ule ule. Na mpango ule ulikuwa wa kujaza daftari, bado si wa kusomana. Lakini daftari tupu, hata likiulizwa kwa mitambo gani, litajibu kwamba mtu huyo hayupo.

Tena muhuri, hata ule wa kubadilika sura, hauthibitishi ukweli. Unathibitisha nani amesema na kwamba maneno hayajaguswa. Kama NIDA imeandika Tusajigwa na cheti kinasema Tusajigwe, mifumo itasomana vizuri kabisa na kukukataa kwa uaminifu wote. Karani wa dirisha ulilofika hawezi kukusaidia, kwa sababu kosa haliko kwake. Linarekebishwa kwenye daftari lenyewe tu: jina la NIDA huko NIDA, la cheti huko RITA.

Hata hapo kuna mkia mmoja. Aliyeuliza zamani anaweza kuwa amelihifadhi jibu alilopewa, na marekebisho yako hayamfikii yenyewe mpaka aulize upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwenye kutunza taarifa azitumie kwa lengo alilozikusanyia na inakupa haki ya kudai zisahihishwe. Madai hayo unayapeleka kwake, kwa maandishi, ofisi kwa ofisi.